Pesa ikishaingia mezani si yako tena

UVIRA – Kila mkulima wa uwanda wa Ruzizi anaijua pesa inayolipwa kabla ya kuona kitu. Mwezi wa tisa unanunua mbegu, unalipa vibarua, unapanda, na mvua yenyewe hujaiona. Mpangaji naye analipa garanti ya miezi mitatu kabla hajalala hata usiku mmoja ndani ya nyumba. Mzazi analipa shule kabla mtoto hajafungua daftari. Mwanaume mmoja mzaliwa wa uwanda huo, ambaye leo anaishi Phoenix, katika jimbo la Arizona huko Marekani, anafanya kazi ya kugawa karata katika mchezo wenye malipo ya namna hiyo. Kwenye mchezo huo malipo hayo yana jina: yanaitwa kipofu. Mwaka 2025 maneno ya mchezo yaliingia katika mazungumzo ya familia yake, kwa sababu ya shamba moja la mahindi lililobaki nyuma wakati watu walipokimbia.

Jina lake halitajwi hapa. Dada yake bado anaishi kwa watu, na habari ya nani anatumiwa pesa kutoka Ulaya au Marekani si habari ya kutangaza siku hizi.

Alivuka ziwa Tanganyika akiwa mtoto mdogo, pamoja na mama yake mdogo, wakafika Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Dada yake mkubwa, ambaye anamwita yaya, alibaki nyumbani na wazazi. Kijana alikulia kambini, akasomea kambini, na mwaka 2016 akapelekwa Marekani. Mwaka huo Wakongomani walikuwa wengi kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote waliopokelewa kule. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo hotelini. Baadaye mwenzake wa kazi alimwambia kwamba kazino zinatafuta watu wenye mikono myepesi na hesabu za haraka. Akajifunza, akapewa kibali, akaanza kugawa karata. Yeye mwenyewe hachezi. Mama yake mdogo, mwimba kwaya, mpaka leo anasema kazi hiyo ni ya shetani, lakini mkate wake anaula.

Mchezo wenyewe ni poka ya Texas. Mwaka 2007 bunge la jimbo la Texas lilitambua kwamba mchezo huo ulizaliwa katika mji mdogo wa Robstown, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kila mchezaji anapewa karata 2 za siri. Karata 5 nyingine zinafunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote: kwanza 3, kisha 1, kisha 1. Kuna mizunguko minne ya kuweka pesa, na katika kila mzunguko mtu anachagua: kufuata pesa iliyowekwa, kuipandisha, au kutupa karata zake na kutoka. Mwenye karata 5 bora anachukua fungu lote la katikati. Wengine wote wakitoka, anayebaki peke yake anachukua fungu bila kuonyesha kitu.

Lakini fungu haliwezi kuanza tupu. Pasipo kitu katikati, kila mtu angekaa akisubiri karata nzuri tu, na mchezo usingeanza. Ndiyo maana watu wawili wanalazimishwa kulipa kabla ya kuona karata. Kwenye meza ya dola 4 na dola 8, kipofu mdogo analipa dola 2 na kipofu mkubwa analipa dola 4. Mzigo huo unazunguka. Kila karata zikigawiwa upya, zamu inasogea kwa anayefuata. Hakuna anayekwepa.

Sasa chukua mfano. Wewe ndiye kipofu mkubwa, na dola zako 4 ziko mezani. Watu wanatupa karata mmoja mmoja, mpaka mtu wa upande wa pili anapandisha hadi dola 8. Kipofu mdogo anatoka. Unaangalia karata zako: ni dhaifu. Ufanye nini?

Mgawa karata huyo anasema ameona aina mbili za watu wanaopoteza pesa mahali hapo. Wa kwanza ni mwoga. Akiona karata mbaya anatupa, na kesho anatupa tena, na kila zamu yake ikifika dola 4 zinakwenda. Wenzake wakishamjua, wanapandisha kila mara, hata wao wakiwa hawana kitu mkononi, kwa sababu wanajua atakimbia. Wa pili ni mwenye hasira. Huyo hatupi kamwe. Ukimuuliza kwa nini, anasema: pesa yangu iko pale, siwezi kuiacha. Anafuata mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, na kuokoa dola 4 anapoteza dola 28.

Wote wawili wanaangalia kitu kisichopaswa kuangaliwa. Mwoga anaangalia uzuri wa karata zake tu. Mwenye hasira anaangalia pesa aliyokwisha kuweka. Wachezaji waliozoea wanaangalia bei. Zile dola 4, zikishaingia mezani, si zako tena. Ni za fungu. Swali linalobaki ni hili: leo, sasa hivi, wanakudai kiasi gani ili ubaki, na kuna kiasi gani cha kushinda?

Hesabu yake si ngumu. Katikati kuna dola 14: nane za aliyepandisha, mbili za kipofu mdogo, na nne ambazo zilikuwa zako. Unadaiwa dola 4. Ukifuata, fungu linakuwa dola 18. Basi ukiweza kushinda mara 4 katika 18, yaani kama mara 2 katika 9, kufuata hakukupotezei kitu. Karata dhaifu nyingi zinafikia hapo. Hata 7 na 2 za rangi tofauti, karata zinazochekwa kuliko zote, zikishindanishwa mpaka mwisho na karata zozote za kubahatisha, zinashinda karibu mara 1 katika 3. Na kama kipofu mdogo naye amefuata, fungu linakuwa kubwa zaidi, bei inakuwa nafuu zaidi.

Hata hivyo bei nafuu haitoshi. Kuna mambo matatu yanayoila. La kwanza, katika mizunguko inayofuata kipofu mkubwa anaongea kabla ya mwenzake aliyepandisha. Anaamua bila kujua mwenzake atafanya nini, na mara nyingi anafukuzwa kabla karata yake nzuri haijatoka. La pili, udhaifu wa karata una aina zake. Karata 8 na 7 za kopa zinaonekana ndogo, lakini mbele ya mtu mwenye ree na mfalme zinashinda karibu mara 4 katika 10, kwa sababu hazigombanii kitu kimoja naye. Mfalme na 3, zinazoonekana kubwa, mbele ya mtu huyo huyo zinashinda kama mara 1 katika 4 tu: mfalme akitoka mezani, wote wawili wanafurahi, na mmoja ndiye anayelipa. La tatu, kazino inakata sehemu yake katika fungu, nayo haijawahi kutupa karata.

Kwa hiyo kujitetea ukiwa kipofu si kushinda. Hilo ndilo jambo ambalo wachezaji wapya hawalipendi. Pale mahali kila mtu anapoteza, hata bingwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, huko Kanada, walitangaza katika jarida la Science programu ya kompyuta waliyoiita Cepheus. Ilikuwa imecheza yenyewe kwa yenyewe poka hii yenye kikomo, ya watu wawili, juu ya prosesa kama 4,800 kwa zaidi ya miezi miwili, mpaka ikawa haiwezekani mtu kuishinda kwa kiasi cha maana hata akicheza maisha yake yote. Na mashine hiyo, ikikaa mahali pa kipofu mkubwa mbele ya mwenzake anayecheza vizuri kama yenyewe, bado inapoteza: karibu sehemu 88 katika elfu ya pesa ya kipofu kwa kila mkono. Kwa kipofu cha dola 4, hiyo ni kama senti 35. Anayetupa kila mara anapoteza dola 4 nzima. Watafiti hao waliona pia kwamba mashine, ikiwa kipofu mkubwa, inakubali kucheza karata dhaifu nyingi kuliko binadamu walivyozoea. Haikuzipenda. Ilipima bei tu.

Tofauti ya dola 4 na senti 35 ndiyo kazi yote ya kujitetea.

Mwezi wa pili 2025, vita vilipoteremka kuelekea Kamanyola na Luvungi, watu wengi wa uwanda walikimbilia Uvira, na wengine wakavuka kwenda Burundi. Yaya yake alitembea na watoto wanne mpaka Uvira, akapokelewa katika nyumba ya muumini mwenzake, familia mbili katika vyumba viwili. Nyuma aliacha shamba la mahindi lililobakiza siku chache kukauka. Mbegu na vibarua vya shamba hilo vilikuwa vimelipwa mwezi wa tisa kwa dola 70 zilizotoka Phoenix.

Mwezi wa tatu dada huyo alituma sauti kwa WhatsApp. Alitaka dola 40. Ishirini za motari, kwenda na kurudi. Kumi za kulipa kwenye barieri. Kumi za vibarua wa kuvuna na kubeba. Alihesabu kupata mifuko mitatu, na kila mfuko Uvira alikuwa na mnunuzi wa dola 35. Mwisho wa sauti akasema: “Mahindi yetu iko pale, ndugu yangu. Jasho letu iko pale. Tutaacha watu wakule?”

Mdogo wake alisikiliza sauti hiyo mara mbili wakati wa mapumziko ya kazi. Aliyasikia maneno anayoyasikia kila usiku mezani: pesa yangu iko pale. Akamjibu kwa sauti ndefu, labda ndefu kupita kiasi. Akamwambia zile dola 70 zimekwisha, hata wasizihesabu tena, ziwe zilikuwa 70 au 700. Wahesabu za leo: wanatoa 40, wanatarajia 105. Ikiwa mara 4 katika 10 mahindi yanakutwa shambani, safari inajilipa. Waliopita huko wanasemaje? Dada akajibu kwamba mashamba ya karibu na barabara yalivunwa na watu wenye bunduki, ya mbali na barabara mengi yalikuwa bado. La kwao ni la mbali.

Basi kwa hesabu ya bei peke yake, dada alikuwa na haki. Sababu aliyoitoa haikuwa nzuri, lakini bei ilikuwa nzuri. Mgawa karata alikubali hivyo waziwazi.

Kilichomzuia ni neno lingine la mchezo wake: kikomo. Kwenye meza yake dau la mizunguko miwili ya kwanza ni dola 4 kamili, na la miwili ya mwisho ni dola 8 kamili. Katika kila mzunguko, mtu akishaweka, wengine wanaweza kupandisha mara tatu tu, halafu inafungwa. Kabla hujakaa unaweza kuhesabu hasara kubwa kabisa ya mkono mmoja: dola 96. Hakuna mtu, hata tajiri namna gani, anayeweza kukuangalia usoni na kusema weka vyote ulivyo navyo. Ndiyo maana pale mtu anaweza kuthubutu na karata dhaifu. Kuna meza nyingine, zisizo na kikomo, ambako jirani anaweza kusukuma jetoni zote wakati wowote, na mtu aliyeingia kwa dola 4 anajikuta anaulizwa dola 400. Huko karata ile ile dhaifu inaweza kugeuka mtego.

“Barabara hiyo haina kikomo, yaya,” alimwambia. Kwenye barieri ya kwanza wanataka faranga 2,000. Kwenye ya pili wanaweza kutaka simu. Kwenye ya tatu wanaweza kuitaka moto yenyewe, au kumtaka kijana. Dada alikuwa amepanga kwenda na mtoto wake wa kiume wa miaka 16, wa kubeba mifuko.

Jibu lilichukua siku mbili. Lilipofika lilikuwa fupi: “Na hapa Uvira kikomo kiko wapi? Njaa nayo iko na kikomo?”

Mgawa karata anasema hakuwa na la kujibu, na mpaka leo hana. Mtu anayekaa mahali penye umeme na friji, anayehesabu hatari za mtu anayelala na watoto wanne chini, anapaswa kujua mahali pa kunyamaza. Alituma dola 40 bila sharti. Aliandika tu kwamba pesa ikishafika ni yake, afanye anavyoona.

Dada hakwenda. Hakusema ni kwa sababu ya maneno ya karata, na huenda haikuwa hivyo. Anasema alimwangalia mtoto wake usiku ule. Alitoa dola 15 akakodi kipande cha udongo pembeni ya mto, si mbali na nyumba, akapanda lengalenga. Zinazobaki zikanunua unga wa muhogo. Lengalenga haichukui msimu mzima: baada ya wiki chache unakata, inachipua, unakata tena. Ni kidogo, haijazi mfuko, lakini hasara yake inajulikana. Mto ukifurika, au mbuzi wakiingia, ni dola 15.

Jirani yake mmoja, mama wa kijiji kile kile, alikwenda. Alirudi baada ya siku tatu na mifuko miwili ya mahindi, mzima, na kwa wiki nzima alikuwa akimtania mwenzake aliyebaki na majani yake. Dada alituma sauti nyingine Phoenix, yenye uchungu kidogo: umeona? Mdogo wake akamwambia kwamba kila usiku anaona karata mbaya zikishinda. Mtu anafuata na 7 na 2, mezani zinatoka 7 na 2, anazoa fungu, anasimama kushangilia. Hiyo haigeuzi uamuzi wake kuwa mzuri. Uamuzi unapimwa kwa yale uliyoyajua wakati wa kuamua. Dada hakucheka. “Wewe unasema karata,” alisema, “watoto wa jirani wanakula ugali.”

Maneno hayo yote mawili ni ya kweli, na hakuna linalofuta lingine.

Familia nyingi za hapa ziko katika swali hilo hilo, hata zisizo na shamba. Mwezi wa kwanza 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi. Huko Nyarugusu kuna watu waliokuwa wamepita mahojiano yote, wengine faili zao zina miaka kumi. Wengi wanasema: tumekwisha kungoja sana, hatuwezi kuacha sasa. Miaka hiyo kumi ni kama dola 4 za kipofu. Ililipwa, na hairudi kwa kungoja wala kwa kuondoka. Linalobaki kupimwa ni mwaka unaokuja: unagharimu nini ukiungoja, na kuna nini cha kupata. Wengine watapima na kuona kungoja bado ni bei nzuri, kwa sababu watoto wanasoma na njia nyingine imefungwa. Hiyo ni sababu. “Tumekwisha kungoja” peke yake si sababu.

Vijana wanaoshinda kwenye vibanda vya pari mjini wasisikie habari hii vibaya. Mgawa karata mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo. Ameona watu wakiweka mezani kodi ya nyumba. Kazino inakata katika kila fungu, usiku na mchana, na wachezaji wakijumlishwa pamoja wanatoka na pesa pungufu kuliko waliyoingia nayo. Pari za simu nazo zina mwenye nyumba anayekula kwanza. Hesabu ya bei inamsaidia mtu aliyelazimishwa kulipa. Aliyeko nje ya meza hana kipofu cha kutetea.

Mwezi wa tisa ulipofika, dada aliomba tena pesa ya mbegu. Zamu ilikuwa imerudi, kama inavyorudi kila mwaka kwa mkulima, awe kwake au kwa watu. Safari hii aliomba dola 30: maharage na lengalenga, kwa kipande kile cha pembeni ya mto, na kipande cha pili alichoahidiwa na mwenye udongo. Mdogo wake alizituma siku hiyo hiyo.

Kuhusu shamba la uwanda, hajui nani aliyakula mahindi yake, na ameacha kuuliza. Anasema siku barabara itakapotulia atakwenda kuliangalia. Mdogo wake alimuuliza kama atalipanda tena.

“Nitaangalia bei kwanza,” alijibu.